Asilimia 87 ya mikoko imekwisha: nani alisema, lini, na kuhusu wapi?

*"Shikamoo mkutubi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, sayansi ya mazingira, hapa Mombasa. Nakaa Kisauni. Karibu kila nikijuacho cha chuo nakipata kwa simu: ratiba na matangazo kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa, vitabu kwenye chaneli ya Telegram, na mada ikinishinda naitafuta TikTok au YouTube. Muhula huu mambo mawili yamenivuruga. La kwanza, niliandika kwenye pendekezo la mradi wangu kwamba asilimia 87 ya mikoko ya Kenya imekwisha. Nilikuwa nimeiona kwenye video ya TikTok iliyotazamwa na watu wengi mno, na ikaletwa tena kwenye vikundi vitatu nilivyomo. Msimamizi wangu aliizungushia kalamu nyekundu akaniuliza chanzo. Nilipomtajia TikTok alicheka. La pili, nilikosa CAT, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, kwa sababu tangazo la ukumbi lililosambazwa kikundini kumbe lilikuwa la mwaka uliotangulia. Wenzangu wanasema niiambie ChatGPT inipe marejeleo, yaishe. Mama naye asema simu ndiyo iliyoniharibu. Je, niache kabisa kutafuta habari mitandaoni? Na hiyo maktaba nitaifikia vipi, nami bando lenyewe la kubahatisha?"*

Marahaba, mwanangu. Nikupe kwanza jibu fupi usije ukasoma yote haya moyo ukiwa juu: usiache. Wanafunzi wanaonijia mezani, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa uzamili, wote huanzia simuni. Wahadhiri wao pia huanzia huko huko, ila wao hawasemi. Kwa hiyo tusipoteze muda kujadili kama mitandao ni mizuri au mibaya. Umekwama mara mbili, na ukitazama vizuri utaona kikwazo ni kimoja: mara zote mbili habari ilikufikia ikiwa haina mwenyewe wala tarehe. Ile ya mikoko ilipoteza mahali na miaka yake njiani. Ile ya CAT ilipoteza mwaka.

Kuna dhana mbili katika barua yako ambazo ningependa kuzitoa kwanza, maana zikibaki utaendelea kujilaumu pasipostahili.

Ya kwanza ni kwamba TikTok haiwezi kuwa chanzo cha kitaaluma. Inaweza. Mtindo wa APA wa kuandika marejeleo, ambao ndio wengi wenu mnautumia, katika toleo lake la saba la mwaka 2019 umeweka kabisa utaratibu wa kutaja machapisho ya mitandao ya kijamii. Lililo muhimu ni chanzo hicho unakileta kishuhudie nini. Lau ungekuwa unaandika jinsi vijana wa Pwani wanavyozungumzia mazingira, video ile ingekuwa ndiyo data yako, na hakuna msimamizi ambaye angeikata. Lakini wewe uliileta ishuhudie miti mingapi imekufa. Mwenye kuitengeneza hakuhesabu mti hata mmoja. Alisoma mahali, au alisikia kwa aliyesoma mahali. Yeye ni mleta habari, na msimamizi wako alikuwa anamtaka mwenye habari. (Kucheka hakukuwa na haja. Hilo nalisema kama mama.)

Dhana ya pili ni ile uliyoiweka kama jambo la kupita: "ikaletwa tena kwenye vikundi vitatu". Naona ndicho kilichokutia imani. Vikundi vitatu si mashahidi watatu. Ujumbe ule ule ukipita milango mitatu bado ni ujumbe mmoja, na kama aliyeanza alikosea, basi kosa moja limekufikia mara tatu.

Hili lina maelezo yake, na ukiyajua hutakuwa unashangaa. Mwaka 1977 watafiti wa saikolojia nchini Marekani, Lynn Hasher na wenzake, waliwapa wanafunzi wa chuo orodha ya sentensi, nyingine kweli na nyingine uongo, wakawaomba wakadirie ukweli wake. Baada ya wiki mbili wakarudia, na wiki mbili nyingine tena, huku baadhi ya sentensi zikijirudia. Zile zilizojirudia zilizidi kuaminika, hata zilizokuwa za uongo. Kilichobadilika ni kwamba masikio yalikuwa yamezizoea, basi. Sasa fikiria wewe, ambaye hungoji wiki mbili; unaletewa sentensi ile ile asubuhi, mchana na usiku, na kila mara na mtu unayemfahamu.

Kisha tazama namna WhatsApp inavyosafirisha maneno. Mzee akikuletea habari barazani, unamwona uso, unajua ni mkweli au ni mwenye chumvi, na unaweza kumuuliza, "Umesikia kwa nani?" Ujumbe uliosambazwa WhatsApp hauji na jina la aliyeuandika wala siku aliyouandika. Unachokiona ni jina la aliyekutumia wewe na saa aliyokutumia. Tangazo la mwaka juzi likitumwa leo saa mbili asubuhi, simu yako itakuonyesha leo, saa mbili asubuhi. Hapo ndipo CAT yako ilipopotelea. Ipo alama ya mshale inayokuambia kwamba ujumbe umesambazwa, na mishale miwili ikiwa umekwisha kupita mikono mingi. Na tangu mwaka 2020 ujumbe wa namna hiyo ya pili hauwezi kutumwa kwenye zaidi ya soga moja kwa wakati mmoja. Inasaidia. Lakini mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, au akipiga picha ya skrini, mishale yote hufutika na ujumbe huzaliwa upya kama mtoto wa leo. Telegram kwa hili ni afadhali kidogo: ujumbe ukitolewa kwenye chaneli huja na jina la chaneli, isipokuwa kama aliyeusambaza ameamua kulificha.

TikTok ina mambo yake. Kampuni yenyewe ilieleza mwaka 2020 kwamba video unazoletewa hupangwa kutokana na mambo kama umeitazama hadi mwisho, umeipenda, umeituma kwa mwenzako, umefuata akaunti gani. Video za uongo wenye madhara baadhi huondolewa, ni kweli, lakini hakuna aliyekaa akikagua asilimia za mikoko. Kinachopanda ni kinachomfanya mtu asisogeze kidole. "Asilimia 87 imekwisha" humfanya mtu asimame. "Hori moja la Mombasa lilipungukiwa miti katika kipindi fulani" hupitwa.

Na hapa sisi wenyewe tuna mkono. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Vosoughi, Roy na Aral wa chuo cha MIT, waliofuatilia habari zipatazo 126,000 zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017. Uwezekano wa habari ya uongo kusambazwa tena ulikuwa mkubwa kwa asilimia 70 kuliko wa habari ya kweli. Watu wengi hukimbilia kusema ni roboti. Watafiti waliangalia hilo pia, wakakuta roboti husukuma ukweli na uongo kwa kasi inayolingana. Waliouongezea uongo mwendo ni binadamu, kwa sababu uongo mara nyingi ni mpya na wa kushtua. Ndiyo maana ninapendekeza kwamba ukiona takwimu inayokufanya useme "Haa!", hiyo "Haa!" yenyewe iwe ndiyo sababu ya kutafuta zaidi.

Basi tuifuate hiyo 87 pamoja, na kwa simu, maana ndicho chombo ulicho nacho.

Wengi wenu hufanya kosa moja hapa: hubaki ndani ya video. Huangalia kama msemaji amevaa vizuri, kama ana wafuasi, kama maoni chini yanamuunga mkono. Watafiti wa Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwahi kuwaweka wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo na wakaguzi wa ukweli wa vyombo vya habari mbele ya tovuti wasizozijua. Wanahistoria na wanafunzi waliisoma tovuti kwa makini kutoka juu hadi chini, na wengi wakadanganyika. Wakaguzi walitoka upesi wakafungua kurasa nyingine kuuliza ulimwengu unasema nini kuhusu tovuti ile. Walisoma kidogo, wakapata zaidi. Fanya kama wao. Toka kwenye video.

Fungua Google Scholar. Ni bure na haitaki nywila. Andika maneno ya utafutaji kwa Kiingereza, kwa sababu, tupende tusipende, utafiti mwingi wa mwambao wetu umechapishwa kwa lugha hiyo: neno la mikoko, neno Mombasa, na neno la upotevu au uharibifu. Utakutana na makala ya Bosire na wenzake katika jarida la Biogeosciences, mwaka 2014. Jarida hilo liko wazi kwa kila mtu. Usiogope urefu wa makala. Soma ikisiri tu kwanza, ile aya moja ya mwanzo.

Ndani ya ikisiri utakuta kwamba hori la Tudor (hori ni mkono wa bahari uingiao nchi kavu), hapa Mombasa, lilipoteza asilimia 86.9 ya msitu wake wa mikoko kati ya mwaka 1992 na 2009, na hori la Mwache asilimia 45.4 katika kipindi hicho hicho. Hiyo ndiyo 87 yako. Sijui video ile ilipita njia gani, lakini tarakimu zimelingana mno kuwa bahati.

Sasa ona kilichopotea njiani. Kwamba 86.9 imekuwa 87, hilo si neno, sote hukadiria. Kwamba "kati ya 1992 na 2009" imekuwa "imekwisha", hapo pana hasara, maana msikilizaji anadhani ni jambo la juzi. Lakini kwamba "Tudor" imekuwa "Kenya", hapo maana yote imegeuka kichwa chini miguu juu. Makala ilikuwa inasema nini hasa? Kwamba mikoko iliyo kandokando ya mji wetu inakufa kwa kasi isiyo ya kawaida: Tudor asilimia 5.1 kwa mwaka na Mwache 2.7, ilhali wastani wa nchi nzima ni kama 0.7. Watafiti walikuwa wanaonyesha kwamba Tudor ni tofauti na kwingine. Video ikauchukua ule utofauti ikaufanya ndiyo hali ya nchi. Mtu wa Lamu akiiona atadhani mikoko yake imeondoka usiku akiwa amelala.

Usiishie kwenye makala moja. Tafuta nyingine inayopima nchi nzima uone kama zinasikilizana. Kirui na wenzake, mwaka 2013, walitumia picha za setilaiti za Landsat wakakadiria kwamba Kenya ilipoteza asilimia 18 ya mikoko yake kati ya 1985 na 2010, ikabakiwa na hekta 45,590. Gawanya 18 kwa miaka 25. Unapata kama 0.7 kwa mwaka, ile ile waliyoitaja wenzao wa Tudor. Hesabu imekubali, ila kumbuka vile vikundi vitatu: Bosire yumo pia miongoni mwa waandishi wa makala ya Kirui, kwa hiyo usizihesabu makala hizi kuwa mashahidi wawili wasiojuana.

Halafu utakutana na kitu kitakachokuchanganya, na ni bora nikuonye mapema. Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa 2017 hadi 2027 unataja zaidi ya hekta 61,000, sehemu kubwa ikiwa Lamu. Zimetoka 45,590 zikawa zaidi ya 61,000 ndani ya miaka michache? Usikimbilie kuandika kwamba mikoko imeongezeka. Kila ramani ina picha zake, ukali wake wa kuona, na uamuzi wake wa nini kihesabiwe msitu. Kabla ya kulinganisha namba mbili, nenda sehemu ya mbinu usome kila mmoja alipimaje. Ukimwandikia msimamizi aya moja tu inayoeleza kwa nini namba hizi hazilingani, atajua umesoma. Wengi hawafiki hapo.

Sentensi yako basi inaweza kusomeka hivi: "Hori la Tudor lilipoteza asilimia 86.9 ya mikoko yake kati ya 1992 na 2009 (Bosire na wenzake, 2014), ilhali kwa nchi nzima upungufu kati ya 1985 na 2010 ulikadiriwa kuwa asilimia 18 (Kirui na wenzake, 2013)." Haishtui kama ya TikTok, lakini ina pahali, ina miaka, ina wenyewe. Na inakufungulia swali la utafiti: takwimu za Tudor zinakoma 2009. Je, tangu hapo?

Kuhusu bando. Nakuelewa, na nisingependa kukuambia "nenda maktaba" kama vile nauli ya kutoka Kisauni na foleni ya Daraja la Nyali havipo. Lakini piga hesabu vizuri. Ikisiri ni maandishi matupu, haili kitu. Makala nzima ya PDF kwa kawaida ni megabaiti chache. Nusu saa ya TikTok hula mamia. Mwanafunzi anayeniambia hana bando la kusoma makala, mara nyingi bando lilikuwepo hadi saa nne usiku. Siku uliyo kampasi, pakua makala tano au sita kwa Wi-Fi ya chuo ukazisome nyumbani bila intaneti. Na umuulize mkutubi wenu swali moja: "Nitaingiaje kwenye majarida nikiwa nyumbani?" Vyuo vingi vya Kenya hulipia majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba uitwao KLISC, na vingi vina namna ya kuingia ukiwa nje ya kampasi. Wanafunzi wanamaliza miaka minne bila kuomba hiyo nywila, ilhali karo yao ndiyo inayosaidia kuilipia. Pasipo nywila, kuna AJOL, ambayo hukusanya majarida ya Afrika, na DOAJ, orodha ya majarida yaliyo wazi kwa wote. Ukikwama kabisa, mwandikie mtafiti barua pepe ya heshima umwombe nakala. Wengi hutuma, tena kwa furaha. Hakuna anayeandika makala ili isisomwe.

Vitabu vya Telegram sitakuhubiria sana. Unajua na mimi najua kwamba vingi vimepakiwa bila idhini ya wenye haki, na sheria ya hakimiliki ipo. Ila hata tukiacha sheria kando, kuna hasara ya kitaaluma: mara nyingi ni matoleo ya zamani, kurasa za mbele zenye mwaka na mchapishaji zimekatwa, na huwezi kuandika rejeleo sahihi la kitabu usichojua ni toleo gani. Ni ugonjwa ule ule wa kukosa mwenyewe na tarehe. Faili isiyo PDF, hasa inayokutaka usakinishe programu ndipo ifunguke, usiiguse.

Na ChatGPT? Itumie ikueleze neno gumu kwenye ikisiri, au ikupe maneno ya kutafutia. Marejeleo, hapana. Programu hizi zinaweza kukutungia jina la mwandishi, jarida na mwaka, vyote vikionekana sawasawa, na makala yenyewe haipo duniani. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za aina hiyo, kesi ambazo hazikuwahi kusikizwa na jaji yeyote. Hao ni mawakili wenye leseni. Rejeleo ambalo hujalifungua kwa mkono wako lisiingie kwenye kazi yako.

Sasa kikundi cha darasa. Hapa mimi si adui yake hata kidogo. Kwa mambo ya darasa, WhatsApp imeshinda mbao za matangazo zote. Shida ni namna tunavyopiga picha matangazo. Tangazo rasmi la chuo huwa na namba ya kumbukumbu na tarehe juu, na sahihi na muhuri chini. Mwanafunzi akipiga picha hukata juu na chini ili maandishi yaonekane makubwa, na yanayokatwa ndiyo hayo manne. Ukiona tangazo lisilo na kichwa wala miguu, uliza kikundini bila haya: "Lina tarehe gani?" Mwombe kiongozi wa darasa atume karatasi nzima, na aibandike juu ya kikundi, WhatsApp inaruhusu ujumbe kukaa juu hadi siku 30. Na jambo lolote lenye alama za mtihani ndani yake lithibitishe kwenye tovuti ya chuo au kwa mhadhiri mwenyewe. Dakika tano zinatosha.

Kwenye vikundi hivyo hivyo hupita pia viungo vya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na vya ufadhili "unaofungwa leo usiku". Haraka hiyo ndiyo alama yenyewe. Usibofye, andika anwani rasmi mwenyewe kwenye kivinjari, au nenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, huko HELB wana dawati. Hakuna mfadhili wa kweli anayehitaji PIN yako ya M-Pesa.

Mama yako nami tutatofautiana kidogo, umwambie kwa adabu. Kuna mambo ambayo simu huyajua kabla ya maktaba yangu. Ukitaka kujua nani anapanda mikoko Mikindani wiki hii, au wavuvi wanalalamikia nini, Facebook itakujibu kabla ya jarida lolote, na huko ndiko utakakowapata watu wa kuhoji. Na mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipokuja, vijana waliuchambua TikTok na kwenye X, tena kwa lugha za nyumbani, hadi watu ambao hawajawahi kushika mswada wakajua kilichomo. Siasa zake tuziweke kando. Mimi nilichokipenda kama mkutubi ni kwamba waliofanya kazi nzuri zaidi walikuwa wakitaja kifungu na kuonyesha ukurasa wenyewe, nawe ukaweza kwenda kuusoma. Walikuonyesha njia ya kufika kwenye mswada. Wengine walisema tu "wanataka kutoza kila kitu", na hao hukuweza kuwafuata popote. Tofauti hiyo utaiona kwenye kila mada: yupo anayekuachia njia, na yupo anayekuachia hasira tu.

Yapo mambo ambayo simu haitayamaliza, na hayo ya kwako yafanye ana kwa ana. CAT uliyoikosa, usiilalamikie kikundini. Nenda kwa mhadhiri, na akikosekana kwa mkuu wa idara, ukiwa umechapisha ule ujumbe na saa uliyoupokea. Sikuahidi atakubali, lakini ushahidi wa karatasi husikilizwa kuliko malalamiko ya korido, na kila chuo kina muda wake wa kuleta malalamiko ya mitihani, kwa hiyo usingoje muhula uishe. Pendekezo lako likirudishwa tena kwa sababu ya marejeleo, chukua rasimu yenyewe uende nayo maktaba ya chuo chako. Ukikaa na mkutubi upande mmoja wa meza mkiangalia skrini moja, saa moja inatosha kwa jambo linaloweza kukusumbua wiki nzima. Iwapo umeshabofya kiungo na kutoa PIN au nambari ya kitambulisho, hilo si la maktaba: badili PIN papo hapo, piga simu ya huduma kwa wateja, kisha ripoti polisi.

Na kwa lile swali la Tudor baada ya 2009, toka nje kabisa. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, iko Mkomani, upande wa pili wa maji ukitokea mjini, na kwako Kisauni wala huhitaji kuvuka daraja. Kazi yao ndiyo hii unayotaka kuandikia. Nenda na barua ya utambulisho kutoka idara yako, yenye jina la mradi na sahihi ya msimamizi. Iombe mapema, maana wiki za mitihani zikianza huwezi kumpata wa kukutilia muhuri.